Isale la Baba

Juzi, niliporudi nyumbani Nkoaranga na stashahada yangu, nikiwa wa kwanza kuipata katika ukoo mzima, na kwa jasho langu mwenyewe, nilimwona jirani akimpelekea mgomvi wake jani la isale. Kwetu, anayepelekewa isale hana budi kusamehe. Nikamkumbuka baba.

Nilikuwa mtoto mdogo, wakati wa vita, na mchana ule migomba ilinuka mvua. Askari wa Wajerumani alikuja kutafuta wapagazi wa vita.

"Chakula nitabeba, bwana," baba alisema. "Risasi hapana. Nimebatizwa, na sina ugomvi na hao wanaokwenda kupigwa nazo."

Askari akacheka. "Mjerumani naye kabatizwa, na bunduki anayo!"

Baba akamnyooshea isale kwa mikono miwili. Nikashusha pumzi, nikijua yamekwisha. Askari akalipokea, akafutia matope viatuni, kisha akamfunga baba kamba.

Leo najua mtu yule alitoka mbali na hakuijua desturi yetu. Siku ile nilidhani amekwisha kusamehe, ila amesahau kumfungua. Nikabaki njiani peke yangu, nikisikiliza vishindo vyao vikiteremka mlima, nikingoja akumbuke.