Mkanda Uliokatika Njia ya Hindi

Haya nayasema mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu aibu yako ukiisimulia wewe angalau haitiwi chumvi nyingi.

Gari langu, kama magari mengi ya watu wa kisiwa cha Amu, hulala Mokowe, ng'ambo upande wa bara. Kisiwani tunatembea kwa miguu, tukitaka kwenda bara tunavuka na boti, tunalipangusa vumbi na kuliwasha. Kwa hiyo gari ni la zamani lakini kilomita zake ni chache, na mimi nilizionea fahari (nimewaonyesha hata watu ambao hawakuuliza). Fundi alipobadilisha pampu ya maji aliniambia, "Bosi, tuweke na mkanda wa taimingi mpya, si injini tayari tumeifungua?" Huo ndio mkanda wa mpira unaofanya vitu vya ndani ya injini viende kwa mpango. Nikamwonyesha kilomita, nikamwambia mkanda huu bado mtoto. Akafunga, nikaondoka.

Ikaja nikaha ya Salimu, mtoto wa marehemu ndugu yangu, ambaye mimi ndiye niliyemlea. Ilikuwa ifungwe msikitini Hindi, mji wa huko bara, baada ya alasiri. Baba wa bibi harusi, Bwana Shee, alikuwa ametoka Pate na alishasema wazi kwamba boti yake ya kurudi Mtangawanda, bandari ya huko Pate, huondoka maji yakiwa bado yamejaa, tukichelewa anaondoka, na walii, yaani mwenye kumwoza binti, akiondoka hapana nikaha. Wenzetu walikodi pikapu, wakatuita tupande. Nikasema bwana harusi hapakiwi kama gunia la muhogo, nikamtia kwenye gari langu na joho lake na kilemba chake, mimi shahidi wake nikiwa usukani.

Katikati ya njia injini ikazima. Haikupiga kelele wala kutoa moshi. Nikitia ufunguo inazunguka nyepesi, kama cherehani isiyo na uzi, na moyoni nilijua ni mkanda (nilijua!), lakini nikasema ni mafuta yamechafuka, nikamshusha bwana harusi asukume. Bodaboda wakawa wanapita wakitucheka.

"Ami, natupande boda," Salimu akasema, jasho likimchuruzika.

"Ngoya, litawaka hili."

Simu ikalia. Bwana Shee. "Muko wapi?" Nikamwambia tushaingia Hindi. Ikalia tena, nikasema naegesha gari hapa kwa msikiti. Ilipolia mara ya tatu nikajibu kwamba tunavua viatu mlangoni.

Nilikuwa bado nina simu sikioni ile pikapu ilipotokea upande wa Hindi ikasimama mbele yetu. Nyuma wamejaa wenzetu, mbele ameketi Bwana Shee na shehe wake, safari ya kwenda kuwahi boti Mokowe. Akateremka, akatazama boneti iliyo wazi, akamtazama Salimu aliyejaa vumbi mpaka magotini. Hakugomba.

"Kijana hana makosa," akasema. "Natufunge papa hapa, mayi yatoka, boti hainingoyi."

Shehe akatandika mkeka kando ya njia. Mimi nikavuta kanzu yangu, nikaketi kwa adabu pale pa shahidi, na Bwana Shee akanizuia kwa mkono.

"Wewe ondoka hapo. Shahidi hawi mrongo."

Nikaondoka. Nilisimama kando ya gari langu nikasikia Salimu akiitikia, "Nimekubali," na sifichi, niliumia sana.

Fundi alipofungua alikuta mkanda umekatika, mpira umekauka na kujaa nyufa, na vali zimepinda. Joto na miaka huula mkanda hata gari likiwa limelala, kumbe. Siku hizi nauhesabu kwa umri, na nikiulizwa nilipo nasema nilipo, hata kama ni pa aibu. Mkanda mpya nimetia na gari linawaka. Lakini kwenye cheti cha ndoa cha mtoto niliyemlea, pale pa shahidi, pameandikwa jina la dereva wa pikapu ya kukodi.