Shampeni ya Bwana Shauri Niliyoiotesha Moto

Wakubwa wa bweni, salamu. Daftari letu la kuzungushana limenifikia. Mnajua mbele za watu sina mdomo, ila kalamu haina haya. Haya ni kweli tupu. Anayebisha amuulize mdogo wangu Nakijwa, alikuwepo.

Ilianza Jumamosi ya mwisho ya likizo, saa kumi kasorobo alasiri, nyumbani kwetu Usangi.

Mjomba wangu ni mpishi wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, kule Same. Huyo mzungu alipohamishwa alimwachia chupa ya shampeni, kubwa kama mtoto wa miezi sita. Mjomba akaituma kwa Baba, na Baba akaalika rafiki zake wanne.

Mmoja ni Mzee Mgonja. Likizo nzima alikuwa akimwambia Baba, "Binti akizidi kusoma, hata kupokea mgeni hajui." Baba naye akaanza kunyamaza. Mnajua kunyamaza kwa baba.

Kwa hiyo aliponiambia, "Pombe hii iko mikononi mwako," nilielewa. Nikiiharibu, shule basi.

Nikafanya kama Mama afanyavyo kwa dengelua, pombe yetu ya miwa. Dengelua bila joto haiivi. Nikafungua waya uliofunga kizibo nikidhani ni pambo, nikaisogeza chupa karibu na mafiga.

Msicheke bado.

Wageni wameketi. Nikaibeba kwa mikono miwili hadi katikati yao.

PAA! Kizibo kikagonga bati, povu likamlowesha Mzee Mgonja kifua kizima.

"Bunduki!" akapiga ukelele. Huyo, chini ya meza. Wenzake mlangoni.

Nusu ya shampeni ilikuwa sakafuni. Machozi yakaanza kunitoka.

Mzee Mgonja akatoka taratibu. "Mimi siinywi. Pombe gani inafoka hivi?"

Baba akanitazama. "Desturi ni ile ile. Aliyeitunza aonje kwanza, wageni wajue haina sumu."

Mimi! Mbele ya wazee watano!

Nikapiga magoti, nikaonja funda moja. Ya moto, chachu, na mapovu yakanipanda puani. Nikapiga chafya tatu. Kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Shikamooni."

"Marahaba!" wakaitikia wote, wakacheka hadi wakashikana mabega.

Mzee Mgonja akanyoosha kibuyu chake. "Nimiminie, mwanangu. Sisi wanaume tumekimbia, wewe chupa hukuiachia." Akamgeukia Baba. "Mrudishe shule huyu. Chupa nyingine ikija, atusomee kwanza karatasi iliyobandikwa juu yake."

Baba akacheka. Wenzangu, nilihisi kama nimetuliwa mzigo wa kuni.

Wakapokezana iliyobaki, mafunda mawili mawili.

Nilichojifunza: pombe ya wageni ina mila yake, uliza kabla hujaipasha moto. Na ukitetemeka, tetemeka huku umeshika.

Ukurasa wa kushoto nimeuacha mweupe. Andikeni: ungekuwa wewe, ungeonja?

Asubuhi yake nilisuuza chupa, nikamwachia Mama aweke mafuta ya taa. Halafu nikafunga sanduku langu la bati, kizibo nimekificha ndani ya soksi.