Nilipanga maisha yangu kwa punje ishirini za maharage, chuoni Kasulu

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka sasa. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne, kwa hiyo leo naubandika ulivyo kabla sijaanza kuwaza tena. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote yalinitokea.

Ni mzaliwa wa Kitahana, Kibondo. Nimemaliza diploma ya maendeleo ya jamii kwenye chuo kimoja cha kati pale Kasulu. Sasa hivi nipo nyumbani na mama, nalima.

Niseme ukweli, tangu muhula wa kwanza sikujua nafanya nini pale chuoni. Masomo hayakuwa magumu, nilikuwa nafaulu. Ila mwalimu akiuliza "unajiona wapi baadaye?", wenzangu wanajibu, mimi naangalia dirishani nikiomba asifike kwangu.

Nyumbani jibu lilikuwepo tayari. Kwetu mtu akisikia maendeleo ya jamii anaiona kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: kizibao cha shirika, redio ya mkononi kiunoni, gari jeupe linakufuata hadi mlangoni. Mama alishawatangazia majirani wote.

Kwa pembeni: wakati huo mashirika yalikuwa yanapunguza wafanyakazi kambini. Nilijua. Sikumwambia.

Muhula wa pili nikachukua fomu ya kuhama kozi. Chuo kilikuwa na kilimo na ualimu pia. Fomu yenyewe ilikuwa na mistari miwili tu ya maana: kozi unayohamia, na sababu. Mwisho wa kuirudisha, Ijumaa saa sita mchana.

Niliibeba kwenye begi wiki mbili ikiwa tupu.

Nikiwaza kilimo, namsikia mama akisema si ungelima hapahapa. Nikiwaza ualimu, namkumbuka kaka yangu aliyesubiri ajira ya ualimu mpaka akaanza kuuza vocha. Nikiwaza kubaki nilipo, naikunja fomu na kuirudisha kwenye begi.

Wiki ileile ya mwisho, kundi letu likapelekwa field, mafunzo kwa vitendo, kijiji cha Titye, Jumatatu hadi Alhamisi.

Kazi ilikuwa kuwasaidia wanakijiji kupanga vipaumbele. Kwa ambao hamjui, inafanyika hivi: unawauliza shida zao, kila shida unaichorea duara chini kwa kijiti, ndani unaweka alama. Kisha kila mtu anapewa punje za maharage aziweke kwenye shida inayomuuma zaidi. Duara lenye punje nyingi ndilo linaloandikwa namba moja. Hata asiyejua kusoma anashiriki.

Wazee wakatupokea kwa Kiha, lugha ya kwetu, kwa makofi na kuinama, ile salamu ndefu ya kuulizia nyumba nzima. Mimi mtoto wa Kitahana nikawa napokelewa kama mkuu wa wilaya, kisa fulana ya chuo. Nikaona aibu. Nikajibu kwa Kiswahili.

Mtu wa kwanza kusema akasema zahanati. Uwanja ulikuwa bado mtupu, mkono ukajiachia, nikachora duara kubwa. Wakaja na ghala, na maji ya bomba. Mwisho kabisa mzee mmoja akasema daraja la kijito. Nafasi ilishakuwa finyu, nikalibana pembeni, duara dogo kama sahani ya chai.

Zahanati ikashinda kwa mbali sana. Daraja likapata punje tatu.

Tulipomaliza, mama mmoja mcheshi, nimwite Mama Furaha, akaanza kuzoa yale maharage kwenye kitenge chake.

"Mama, hayo ni ya chuo," mwenzangu mmoja akasema.

"Nanyi mkawafundishe huko chuoni, maharage hayachezewi. Yanapikwa."

Watu wakacheka, nasi tukamwachia. Mimi nikachota punje ishirini nikatia mfukoni. Hata sikujua kwa nini.

Ijumaa asubuhi nikajua. Nikaketi kitandani hosteli, nikafungua daftari, nikachora maduara matatu: maendeleo ya jamii, kilimo, ualimu. Nikaanza kuweka punje moja moja.

Yoramu, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, akanikuta. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, wakapata uraia, naye hajawahi kunionea huruma kwa shida ndogo kama hizi.

"Kaka, unapiga ramli?"

"Naamua kuhusu kozi."

"Kwa maharage?"

"Ndiyo njia tuliyofundishwa."

"Basi ukimaliza uyaloweke. Njaa yangu imeshaamua."

Maendeleo ya jamii ikapata kumi na nne. Kilimo nne, ualimu mbili. Wakuu, sijawahi kusikia wepesi kama ule. Nikaona hata moyo wangu umepiga kura na matokeo yametoka. Nikaichana ile fomu. Saa sita ilipogonga nilikuwa nimelala usingizi mzito.

Wiki tatu baadaye tukarudi Titye kusoma mrejesho. Utaratibu ni kwamba ripoti lazima isomwe mbele ya kijiji. Nikasoma mimi, namba moja zahanati, wakapiga makofi.

Baada ya kikao Mama Furaha akanishika mkono, tukasogea pembeni.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Kitahana."

"Kitahana hii ya Kibondo?" Akahamia Kiha papo hapo. "Kumbe lugha unaijua! Siku ile mbona ulijifanya wa Dodoma?"

Nikacheka kwa aibu. Naye akapunguza sauti.

"Sisi tunataka daraja. Watoto wanavuka maji ya kiunoni masika yote. Zahanati ipo kijiji cha jirani, tunafika."

"Sasa mbona mliweka punje kule?"

"Duara lake ulilichora kubwa. Tukajua hilo ndilo ulilotumwa. Mgeni ametoka mbali, tumvunje moyo?" Akaniangalia vizuri. "Kwani mlikuwa mnatuuliza kweli?"

Nilimweleza msimamizi wetu, akasema ripoti imeshapita, niache mambo. Nikaacha. Kwa ripoti hiyo nilipata A, na mpaka leo naionea aibu kuliko alama yoyote niliyowahi kufeli.

Niliporudi hosteli nilifungua daftari. Mnajua tayari nilichokikuta.

Duara la maendeleo ya jamii lilijaa nusu ya ukurasa. Kilimo na ualimu vilibanwa chini, kwenye ukingo wa ukurasa. Punje ishirini, na zote niliziweka kama walivyoziweka wale wazee, kwa mtu niliyedhani amenituma.

Fomu ilishachanika. Nikasoma hadi mwisho, nikamaliza na GPA nzuri tu. Nimeomba kazi kambini mara tatu, kimya. Na nikiwa mkweli, kila nikikosa nafarijika kidogo, halafu naona hatia kwa kufarijika.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya mihogo na mama, mchana, wawili tu. Nikajikaza.

"Mama, ile kozi sikuitaka."

Hakuinua kichwa. "Sasa nani aliitaka?"

"Si wewe?"

"Mimi?" Kisu kikasimama. "Ulikuja na fomu ya kuomba chuo, hiyo kozi umeshaiandika ya kwanza, herufi kubwa. Nikasema mwanangu ameipenda. Ningeanzaje kukukatisha tamaa?"

"Niliiandika kwa sababu ulikuwa unasifia wale wa vizibao."

"Nilisifia vizibao. Nikasifia na madaktari, na yule fundi wa redio. Wewe ukasikia vizibao."

Nikamuuliza sasa yeye alitaka nisome nini. Alimaliza kwanza muhogo aliokuwa nao mkononi.

"Mimi nilitaka usirudi kumenya hii."

Akachukua muhogo mwingine. Nami nikachukua wangu. Tulimaliza beseni zima.

Nilichojifunza ni kidogo, wala hakinipi ajira. Kabla hujajiuliza unataka nini maishani, angalia kwanza nani kachora maduara, na lipi limechorwa la kwanza. Na kama kuna mtu unadhani amekutuma, nenda kamuulize angali hai. Miaka miwili ya chuo nilikuwa natimiza agizo ambalo hakuna aliyelitoa.

Jana nimechora tena, uani, kwa kijiti. Safari hii nimetumia mdomo wa kikombe ili yote yalingane. Kilimo, ualimu, ufundi, na moja nimeliacha tupu kwa sababu sijui linaitwaje. Punje bado zimo mfukoni.

Wakuu, waliowahi kukwama hapa, karibuni mniambie mlitokaje. Nina ombi moja tu: kabla hujaniambia ungechagua nini ungekuwa mimi, niulize kwanza swali. Nikijua umeegemea wapi, nitaweka punje zangu hukohuko. Najijua.