Mpangaji Aliyenitangulia

Shida zangu zilianza mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa mchochea moto kwenye mtambo wa mafuta ya ilangi-ilangi, yale maua ya manukato, kisiwani Nosy Be. Alipokufa, ndugu zake wakachukua nyumba. Nilivuka bahari hadi Ankify na shati moja, nikadandia malori ya mizigo mpaka mji wa Mahajanga. Shule nilikaa miaka miwili tu, kwa hiyo usitegemee maneno ya kupamba. Nakueleza nilichokiona kwa macho haya, adhuhuri, jua likiwaka, sijalala wala sijanywa. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho.

Miezi minne nilivuta puspus, kile kigari cha abiria cha kukokotwa kwa mikono, na kulala kwenye baraza za watu mtaani Tsaramandroso. Niliibiwa mara mbili nikiwa usingizini. Kisha nikasikia kuna chumba katikati kabisa ya mji, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, pale pale sokoni. Unajua maana yake kwa mvuta puspus? Ukitoka mlangoni tu, abiria huyu hapa. Na kodi ilikuwa ndogo mno. Nilijiuliza kwa nini? Wapi! Nilijiona mjanja.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee wa Kisakalava, kabila la wenyeji wa pwani ile. Tulimwita Dady Soa. Dady ni bibi kwa lugha ya huko. Alinipa ufunguo, akanipima kwa macho.

"Mama yako Mngazija, sivyo?"

"Ndiyo, dady."

"Basi una ulimi mwepesi. Mtu akibisha hapa, fungua umtazame uso kwanza, ndipo umkaribishe."

"Na akiwa mbaya wa sura?"

"Hatakushinda wewe."

Nikacheka, nikapanda ngazi.

Ijumaa ya kwanza sikwenda msikitini, kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba. Nilikaa nikila wali, mgongo nimeupa mlango, komeo nimelitia. Chini soko linavuma: kengele za puspus, wauza ndizi za kukaanga wakitupiana matusi. Mara nikasikia "hodi" ya mwanamke, kwa lafudhi ya mama yangu kabisa.

Sasa nielewe. Sisi tuliolelewa na Wangazija, hodi hatuiachi hewani. Mdomo hujibu wenyewe kabla ya akili. "Karibu," nikasema, na tonge mkononi.

Niamini, soko likanyamaza. Kupitia dirishani nilimwona muuza ndizi amepanua mdomo, anapunga mkono, sauti hakuna. Nikageuka. Mwanamke ameshakaa kitandani kwangu, uso wote amepaka liwa mbichi, ule msandali wa kusaga, kama wafanyavyo mama zetu. Komeo lilikuwa bado mahali pake.

"Kofia yako iko kwenye msumari wangu," akasema.

"Msumari wako vipi, koko?" Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

"Nimeupigilia mwenyewe. Toka chumbani kwangu."

Unadhani nilikimbia? Nilikumbuka zile baraza. "Sitoki. Sina pengine."

"Karibu husema mwenyeji. Umeniambia karibu. Haya, mwenyeji humu ni nani?"

Hapo alinipata. Nikaona nikijidai kidogo tu, nimekwisha.

"Ni wewe, koko. Mimi nimepanga tu. Lakini ukinifukuza, leo nalala nje."

Akacheka. Liwa ikapasuka shavuni, ikaanza kudondoka vipande vipande, na nyuma yake hapakuwa na uso. Hapakuwa na fuvu wala damu. Palikuwa na ukuta wangu, na kofia yangu msumarini.

"Basi kaa," sauti ikasema kutoka pale pasipo na mdomo. "Ila usinifungie mlango."

Kelele za soko zikarudi kwa mpigo mmoja. Zilinipiga sikio la kulia, na sikio hilo halijasikia kitu tangu siku ile.

Dady Soa alinisikia nikianguka, akapanda, nikajikokota kumfungulia. Alipoona vipande vya liwa kitandani, bado vibichi, akakaa chini sakafuni.

"Ulimkaribisha bila kumtazama?"

"Ulimi, dady."

Ndipo akaniambia. Kabla yangu alikaa humo mwanamke mshonaji, wa Kingazija. Zilipotokea zile vurugu za mwisho wa 1976, Wangazija wakiwindwa na kuuawa mitaani, alifunga mlango, akashika furushi lake, akasema anarudi. Kama aliifikia meli iliyowachukua waliokimbia, hakuna ajuaye.

Jioni ile ile niling'oa komeo. Nililala humo miaka kumi na moja, mlango haufungwi, katikati ya soko lenye wezi unaowajua wewe, na sikupotewa hata na sindano.

Kwa hiyo wewe unayetafuta chumba mjini, usiulize maji na bati tu. Uliza nani alikaa humo, na aliondokaje. Kama aliondoka anakimbia, usijione mjanja kwa sababu ya kodi ndogo.

Leo nina nyumba ile yote, niliinunua kwa watoto wa Dady Soa. Nina puspus kumi na mbili. Nina kiwanja Mangarivotra, duka la vitambaa, mke, watoto sita na sikio moja. Chumba cha juu sijakipangisha. Watu huja kuniuliza kila mwezi, wanakiona kimekaa wazi, na mimi huwajibu kwamba kina mtu.