Mbinzo Chini ya Kiti cha Ndege

Niliaibika angani, nikiwa nimevaa suti na tai, mbele ya wazungu. Kwa kuwa wanaosimulia habari hii hapa Kisangani wameitia chumvi kupita kiasi, acheni niieleze mwenyewe kwa utaratibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikwenda likizo katika mji wa Coquilhatville kwa tonton, mdogo wake mama, aliyefanya kazi katika ile bustani kubwa ya miti ambayo kila mgeni hupelekwa kuitazama. Nami nikaitazama kweli, nikisoma kila kibao, majina ya Kilatini kwa sauti (nilijifundisha peke yangu, na mtu wa namna hiyo hapiti kibao bila kukisoma), mpaka tukafika kwenye mti ambao vibarua walikuwa wakiukung'uta mbinzo, wale viwavi wanono, ili wakawachome kwa kuwa walikuwa wanamaliza majani. Kuwachoma! Mke wangu ni mtu wa kule, na tangu nimwoe hajala mbinzo wa kwao. Nikaomba, wakanijazia kitunga.

"Uwachemshe leo, kisha uwaanike," tonton akasema.

"Hapana, tonton. Mbinzo anapaswa kukaa kwanza bila majani, uchafu umutoke tumboni, bila vile anakuwa muchungu. Nitawabeba wazima, wafunge njiani."

"Wafunge ndani ya ndege? Mutoto wa dada yangu, vitabu vimekupanda kichwani!"

Nikaenda nao. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa imenilipia ndege ya kurudi ili niwahi kazini. Kitunga nikakisukuma chini ya kiti, nikakifunika kwa kofia, na nilipoinua macho nikamwona, kiti cha mbele yangu, bwana mmoja wa ile kamati iliyotoa kadi kwa Waafrika iliowaona "wamestaarabika". Ombi langu lilikuwa kwake. Walikuwa wamekwisha kuja nyumbani kwangu, wakakagua uma na visu, wakachungulia mpaka chooni, na kwa kadi ile mtoto wangu wa kwanza angeingia shule ya wazungu. Lilibaki neno la bwana huyu tu.

Juu ya msitu tukaingia katika mvua, ndege ikatupwa huku na huku, kitunga kikapinduka, na mbinzo (ambao walikuwa na njaa, kama nilivyopanga) wakatawanyika kutafuta majani, na mmoja, kwa kukosa mti, akapanda soksi ya madamu mmoja. Ukelele wake ulishinda injini.

Bwana akasimama. "Hii nyama ya kutambaa iko ya nani?"

Jirani yangu, karani kama mimi, akanong'ona: "Papa, nyamaza! Sema haujui. Kadi yako!"

Nikanyamaza kweli, na hiyo ndiyo aibu yangu hasa, si soksi. Kisha bwana akamkanyaga mbinzo mmoja kwa kisigino, polepole, akaanza kumtafuta wa pili.

Nikasimama. "Iko yangu, bwana. Na iko chakula. Usikanyage."

Nikapiga magoti na suti yangu, nikaingia chini ya viti nikiokota, "pardon, madame", "pardon, monsieur", nimetoa makalio njiani, watu wengine wakicheka, wengine wameinua miguu juu kama kuna mafuriko, mpaka yule karani naye akainama.

"Alors, papa, mumoja iko huku. Lakini utanipatia kidogo?"

"Utapata."

Kadi haikuja. Niliambiwa kwamba mtu anayesafiri na wadudu bado hajawa tayari. Mtoto alibaki katika shule yake ileile, nami jioni nikamfundisha mwenyewe yale ambayo kule hawakumfundisha. Mke wangu aliwapika wale mbinzo kwa mawese na pilipili, tukala kwa mikono, mlango wazi.

Sitapanda tena ndege na mbinzo wazima. Nitawachemsha kwanza, nitawaanika, nitawafunga vizuri. Na bwana yeyote akiuliza ni wa nani, nitamjibu kabla hajainua kisigino.