Nyasi za Mwalimu Dalmas

Baba yangu, Tajeu, amechunga ng'ombe hapa Kisaju tangu kabla ya ua wa kwanza kujengwa. Kusoma hajui, lakini mashairi ya miti anayapenda kama maziwa. Jirani yetu Mwalimu Dalmas, aliyetoka Busia akanunua ploti, huyasoma kanisani, na baba hukaa mbele kabisa, machozi yakimtiririka mgunga ukitajwa.

Kiangazi kilichopita, ng'ombe wetu wa mwisho alivunja seng'enge ya mwalimu akaingia kwenye nyasi anazomwagilia maji kila asubuhi. Mwalimu akatoka na rungu, akamvunja ng'ombe mguu. Kisha akamgeukia baba.

Baba akafanya kile Wamaasai tunafanya tukiomba amani. Aliinama, akang'oa nyasi kidogo, akamnyooshea. Ukinyooshewa nyasi unashusha mkono, hata kama umeuliwa ndugu. Mtoto wetu wa miaka mitatu analijua hilo.

"Unang'oa hata hizi, mzee? Mbele yangu?" mwalimu akafoka, akapiga mkono ule ule wenye nyasi.

Vidole vitatu vilivunjika. Ng'ombe tulimchinja.

Jumapili mwalimu akasoma shairi jipya, la nyasi zinazolia ziking'olewa na mkono usio na huruma. Kanisa zima lilisimama kupiga makofi. Mimi, Nailantei, nilikaa.

Baba hakuweza kupiga makofi. Alijipiga paja kwa mkono mzima, akilia, akaninong'onezea, "Hilo ndilo zuri kuliko yote."