Kadi ya Mkoba wa Dada

Mnunuzi aliponiuliza kama hakuna sura nyingine, ningeweza kumwambia hakuna. Nilimwambia ipo. Tulikuwa barazani kwangu hapa Masasi, asubuhi, naye ameshika simu yenye picha niliyompiga dada yangu mkubwa juma lililotangulia. Dada alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake kijijini, upande wa Newala, mkoba aliousuka ukiwa magotini. Mnunuzi aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka mashavu yakajaa kioo chote.

"Mzee wangu, bibi huyu ana chale usoni."

"Ni nembo. Mambo ya zamani."

"Sizidharau. Ila wateja wangu wataanza kuuliza habari za uso, waache habari za mkoba. Hakuna mama mwingine? Kijana kidogo, mwenye tabasamu?"

"Yupo," nikasema.

Hakunibembeleza wala kunitisha. Aliuliza mara moja tu, na mimi nikajibu haraka, kana kwamba nilikuwa nimelisubiri swali hilo maisha yangu yote.

Mnunuzi huyo alikuwa mwanamke mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Aliuza mikoba, mikanda, hereni na bangili, dukani kwake na mtandaoni. Siku ya kwanza alipokutana na kikundi chetu cha wasukaji katika ukumbi wa kanisa, alitueleza kwamba wateja wake wamechoka na vitu vya plastiki visivyojulikana vimetoka wapi. Hawafungui pochi mpaka wajue kitu kimetengenezwa na nani, kimemdhulumu nani, kimeharibu nini. Nilikuwa katibu wa kikundi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na nilizeekea kwenye ukarani wa ushirika wa korosho, kwa hiyo maswali yake niliyajibu mimi. Majani ya milala tunayosukia hukatwa pembeni, kichipukizi cha katikati kinaachwa ili mti uendelee. Rangi inachemshwa kutokana na mizizi na magome, hatutii unga wa kiwandani. Hakuna mtoto anayetolewa shule aje kusuka. Kila mama analipwa siku anayoleta kazi. Yote hayo yalikuwa kweli, na niliyahakikisha mwenyewe kwa kwenda kila kijiji. Kilichobaki kilikuwa kadi ndogo ya kufungwa kwenye mpini wa mkoba, yenye picha ya msukaji na maneno machache. Ni hapo tu nilipodanganya.

Lazima niseme habari za nembo, maana vijana wa siku hizi wengi hawajaziona. Dada yangu alichanjwa angali msichana, miaka michache kabla desturi ile haijafifia. Chale zilipakwa masizi ya mbegu za mbarika ili zipone zikiwa nyeusi. Kila shavu lilipata safu mbili za pembe zinazofuatana, na mstari mmoja kati yake. Ndivyo alivyokuwa mama yetu, na mama yake mama. Baadaye dada alipojifunza kusuka, akazitia pembe zilezile kwenye ukili, ule mkanda wa majani unaosukwa kwanza kisha unashonwa kuwa mkoba. Hakuna msukaji mwingine aliyezitumia, wala hakuna aliyekatazwa. Walijua tu kwamba ni zake. Mnunuzi alipokuja, kati ya mikoba yote iliyopangwa mezani, aliukimbilia huo.

Na mimi nilizionea haya nembo zile tangu zamani. Nilipokuwa bwenini shule ya sekondari, dada alikuja kunitembelea akiwa na mihogo ya kuchemsha na shati alilonishonea kwa mkono. Mikeka yake ndiyo iliyoninunulia sanduku, godoro na sare. Wenzangu kutoka mikoa mingine walimtazama wakaanza kusukumana viwiko. Mmoja akaniuliza, "Huyo ni nani wako?" Nikasema ni mtu wa kijijini kwetu. Dada alikuwa hatua tatu kutoka pale. Sijui kama alisikia. Aliniachia mihogo, akanirekebisha kola, akarudi zake. Sikuwahi kumwomba radhi, na kwa kuwa hakuwahi kulitaja, nikajiambia kwamba hakusikia.

Basi nikamtafuta mwenye tabasamu. Alikuwa jirani yangu, mama wa mapacha, anayeuza maandazi karibu na stendi ya mabasi. Meno meupe, kanga safi, maneno mengi. Nilimketisha kwenye mkeka mbele ya mlango wangu, nikampa mkoba wa dada.

"Babu, mimi hata kutengeneza kifuniko cha mtungi sijui," alisema huku akicheka. "Wakiniambia nisuke nitakimbilia wapi?"

"Nani atakuambia usuke? Shika hapo. Tabasamu."

"Na mwenyewe mkoba akijua?"

"Mwenyewe ni dada yangu. Hilo niachie mimi."

"Haya. Nitoe vizuri basi, nisionekane mnene."

Maneno ya kadi niliyaandika mimi, kwa Kiswahili kizuri, maana sikuzote nimesifiwa kwa kuandika. *Mkoba huu nimeusuka kwa mikono yangu, nyumbani kwangu Newala. Nakshi hii nilirithi kwa mama yangu.* Mnunuzi akaisoma kadi akanipigia simu kusema imemtoa machozi.

Mikoba ilitoka kweli. Dada aliona oda zinaongezeka, akawafundisha wanawake wengine watatu kushona kitako na mpini ili yeye abaki na ukili wa pembe. Nilipompelekea habari alikuwa akiniuliza, "Wanasemaje huko?" Namwambia wanakusifu. Anacheka, anaifunika midomo kwa upindo wa kanga. Nilimwangalia akifurahi nami nikafurahi, na moyoni nikajisifu kwamba nimeiendesha biashara kwa akili.

Mwaka uliofuata mjukuu wake wa kike alichumbiwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wa kumsemea siku ya posa si baba, ni mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa ndugu pekee wa kiume wa dada yangu, naye hakuzaa mtoto wa kiume. Niliwasemea mabinti zake wote, na sasa ilikuwa zamu ya mjukuu. Nikapanda gari kwenda Newala tupange siku na maneno. Tulikaa uani, mimi na dada, pamoja na jirani yake, bibi wa Kiyao ambaye walitaniana tangu ujana. Mara bodaboda ikasimama. Akashuka binti mmoja, mwalimu mgeni aliyehamishiwa wilayani kutoka kanda ya ziwa. Begani alikuwa na mkoba wa pembe.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti," dada akasema. Macho yake yalikuwa kwenye mkoba, yanacheka.

Yule mwalimu akaeleza kwamba aliununua Dar es Salaam kabla ya kuhama. Alikuwa amekataa kubeba tena mikoba ya plastiki inayochanika kila baada ya miezi mitatu, akatafuta kitu ambacho angejua kimetoka mikononi mwa nani. Alipopangiwa Newala aliona kama bahati. Sokoni wanawake walipouona mkoba tu, wakamwambia nenda kwa bibi fulani.

"Namtafuta mama huyu, bibi. Nataka tu nimshukuru. Na kama hatachoka, anionyeshe anavyoanza." Akatoa kadi.

Dada akaipokea. Akaiweka mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu ni nani?"

"Si ndiye msukaji, bibi? Imeandikwa hapa."

Bibi wa Kiyao akanyoosha shingo, akapiga kofi pajani. "Ehee! Ndiyo wewe huyo! Umejipiga pasi usoni! Tuambie hiyo pasi unaiazima wapi, na sisi tukajinyooshe!"

Dada alicheka sana. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mwalimu akatuangalia sisi watatu bila kuelewa. Dada akamwomba asome, na yule binti akasoma kwa sauti, neno kwa neno, maneno yangu mazuri. Alipofika kwenye yale ya kurithi kwa mama, kicheko cha dada kikaisha. Akaichukua tena kadi, akatazama nyuma ya kichwa cha yule mwanamke mnene wa meno meupe.

"Mlango huu naujua," akasema. "Ni wa kijani. Nilikaa mbele yake Krismasi."

Niliinama nikaanza kukung'uta vumbi kwenye kiatu.

"Mdogo wangu, ni mlango wako?"

"Dada, ilikuwa biashara. Wateja wa mjini wanataka sura ya kijana."

"Mimi si ulinipiga picha? Ile iko wapi?"

"Ilikuwa... walisema watu wataulizia nembo."

Akaunyoosha mkono, akalaza kidole juu ya mkoba wa mwalimu, kwenye safu ya pembe, akakitembeza taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hizi za hapa wanazitaka?"

"Wanazitaka sana."

"Na za hapa?" Akajigusa shavu.

Bibi wa Kiyao hakutania tena. Aliinuka akasema anakwenda kuangalia sufuria, ingawa hakuna aliyekuwa anapika.

Mwalimu aliona aibu kuliko sisi sote. Akasema, "Bibi, nisamehe. Mimi niliununua kwa sababu ya hiyo kadi. Niliamini." Dada akamwambia hana kosa lolote, akamletea korosho za kukaanga, kisha akaketi mkekani na kumwonyesha jinsi ukili unavyoanza, majani yanavyoloweshwa, pembe ya kwanza inavyohesabiwa. Alifundisha kwa upole kabisa, karibu saa nzima. Hakuniangalia hata mara moja. Mwalimu alipotaka kuondoka, dada akakata kadi kwenye mpini kwa kisu, akanipa mimi.

"Mpelekee mwenye sura yake," akasema. "Na habari za posa usijisumbue. Tutapanga wenyewe."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Nilirudi Masasi, na kabla ya posa nikajaribu kuyatengeneza mambo. Nilimpigia mnunuzi, nikamweleza yote, nikamwomba atoe kadi mpya yenye picha ya dada.

"Mzee, mimi niliuliza tu kama kuna mwingine," akasema. "Ungesema msukaji ni huyu, hakuna mwingine, ningeichapa hiyohiyo. Wewe ndiye uliyesema yupo. Mimi nilijua wanasuka wote wawili."

Alikuwa na haki. Kadi mpya aliichapa, akanitumia moja. Picha ya dada ilitoka vizuri, nembo zinaonekana wazi, na nasikia mikoba iliyobaki iliuzwa ikaisha bila mteja hata mmoja kulalamika. Nilimtuma kijijini mtu na kadi hiyo. Dada aliirudisha. Oda iliyofuata alisuka ukili mtupu, bila nakshi yoyote, na katibu wa kikundi sasa alikuwa mama mwingine, si mimi.

Siku ya posa nilikwenda bila kuitwa. Nilivaa koti langu la kanisani, nikafika mapema. Uani palikuwa pametandikwa mkeka wa wajomba, na juu yake ameketi mtoto wa mama yetu mdogo, mtu ninayemzidi zaidi ya miaka kumi, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika jina lake. Nilimwamkia dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Mpeni mgeni kiti."

Nikapewa kiti cha plastiki upande wa wageni, katikati ya watu wa bwana harusi. Msemaji wao aliposimama akauliza, kama ada inavyotaka, "Tuonyeshwe mjomba, tujue tunaongea na nani." Nadhani miguu yangu ilikwishaanza kuinuka. Dada akanyoosha mkono kuelekea kwenye mkeka. Mzee mmoja wa upande wao, ambaye hakunijua, akaniinamia akaninong'oneza, "Na wewe mwenzetu umetokea kijiji gani?" Nikamwambia Masasi.

Ni mwaka wa tatu sasa. Nimekwenda Pasaka zote. Dada anaitikia shikamoo yangu, ananilisha vizuri, ananiuliza habari za safari kama anavyomuuliza mtu yeyote aliyetoka mbali, na nikigusa habari ya kadi anaondoka kwenda kuangalia kuku. Nilipiga magoti mbele yake mwaka jana. Akaniambia, "Inuka, utachafua suruali." Mjukuu amejifungua mtoto wa kike. Nilisikia kanisani, kutoka kwa watu baki, mtoto akiwa na miezi miwili.

Wako watakaosema mtu hawezi kumkataa ndugu yake kwa sababu ya picha. Hawakuwepo pale uani, hawakuuona ule mkono kwenye shavu. Sikuiba, sikumpunja mtu malipo, sikukata mti wowote. Nilikuwa na dada mmoja aliyenilea na kunisomesha, na nilipoulizwa kama anaweza kuonekana na watu nilisema kuna mwingine. Jibu lile limenitoa kwenye ukoo wa mama yangu. Sina dada tena, watoto wake hawaniiti mjomba, na nikifa hakuna hata mmoja wao atakayelazimika kuja.